Pengo Kati ya U na A

Bénite alikusanya mate mdomoni, akayatema kwenye kipamba alichokiviringisha kwenye ncha ya kijiti, kisha akakipeleka kwenye picha, pale pembeni penye giza zaidi, akaanza kukizungusha polepole.

Mama Berthe, mwenye nyumba, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Aliona yote. Kikombe kikabaki nusu njia.

"Mama Bénite, unatemea baba yangu mate?"

"Hapana baba yako. Natemea moshi," Bénite akajibu bila kugeuka. "Sabuni itakula rangi. Mate inakulaka uchafu tu."

Akamwonyesha kile kipamba. Kilikuwa cheusi kama tako la sufuria. Na kwenye picha, mahali ambapo siku zote palikuwa na kahawia tupu, lilitokea doa la buluu lisilozidi kifungo cha shati. Berthe akaweka kikombe chini, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikuwa ameishi na picha hiyo tangu akiwa mtoto wa mgongoni, naye ni mwanamke mwenye wajukuu, lakini hakuwahi kujua kwamba ina mbingu.

Hapa Butembo ukitaja Bénite utaulizwa Bénite yupi. Ukitaja Mama Lettre, yaani Mama Herufi, mtu wa moto, yule wa pikipiki, atakufikisha mpaka mlangoni bila kuuliza njia. Majina yote yale unayoyaona kwenye milango ya maduka ya jumla, maneno ya busara na ya kujigamba yaliyoandikwa ubavuni mwa kamyo, malori yanayopanda na kushuka, mengi yametoka mkononi mwake. Herufi alifundishwa na baba yake. Mambo ya picha za zamani alifundishwa na frère mmoja mzee, bruda wa misheni, ambaye alimtumia akiwa msichana kumsaidia kusafisha picha za kanisani, na akamkemea vizuri kila alipotaka kuongeza uzuri wake mwenyewe. Maana wako watu wanaojua kupaka rangi, na wako wanaojua kuacha kupaka. Bénite ni wa kundi la pili, na nawaambieni, kundi hilo halina msongamano.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Ilichorwa juu ya mfuko wa unga wa ngano uliofumuliwa na kunyooshwa, kwa rangi iliyobaki misheni walipopaka madirisha. Barabara inapanda kilima. Kamyo imesimama chini. Mbele ya nyumba ya nyasi yupo mwanamke na watoto watatu, mmoja mgongoni. Mikono ya mwanamke imeinuliwa, lakini imeishia wapi huwezi kujua, kwa sababu kuanzia mabegani kwenda juu moshi umemeza kila kitu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, kuna maneno mawili: BABA ALIKU, halafu pengo, halafu A.

Ndani ya pengo kilibaki kipande kimoja tu, mguu wa herufi, kijiti kifupi cheusi kilichosimama peke yake. Mguu huo ndio uliokuwa umeigawa familia.

Kwetu hatusemi alikuja. Tunasema alikuya. Kwa hiyo ukiweka Y kwenye lile pengo, baba amerudi nyumbani. Ukiweka F, baba amekufa. Na mguu wa Y na mguu wa F, ukiikata chini ya kiuno, ni kitu kimoja.

Baba huyo ni Salomon, convoyeur, mtu wa kusindikiza mizigo ya kamyo. Katika mwaka wa uasi, ule wa sitini na nne, alishuka Beni na mzigo wa viazi, akaendelea na njia ya msituni, asionekane tena, yeye wala kamyo. Alimwacha mke wake Kahongya na watoto watatu: Lusenge, Zacharie, na huyu Berthe aliyekuwa bado wa mgongoni. Mwaka uliofuata Lusenge, mkubwa wao, akachora picha hiyo na kuitundika ukutani. Wadogo zake walipomuuliza imeandikwa nini, alijibu neno moja: ulizeni Mama. Alijibu hivyo akiwa mtoto, akajibu hivyo akiwa na mvi, na ugonjwa ukamchukua bila kubadilisha jibu. Na Mama, ambaye shule hakuiona hata dirisha lake, aliwaambia inasema baba alikuya. Yuko njiani. Kila jioni aliwasha koroboi chini ya picha ili mtu akifika aone nyumba, na ndiyo hiyo koroboi iliyoifukizia picha mbingu yake.

Kwa hiyo Salomon hakuliliwa. Wazee wa ukoo walikuja kutaka kilio kikaliwe, Kahongya akawauliza kilio ya nani, na mwili iko wapi, wakarudi walikotoka. Hakunyoa nywele, hakuolewa tena. Sasa alikuwa anakaribia miaka tisini, macho yameingia ukungu, anashinda karibu na mbabula ya makaa akiwa amejifunika blanketi. Lakini masikio, jamani! Masikio ya Koko Kahongya, maana bibi mzee kwetu ni Koko, yangeweza kusikia paka akibadilisha mawazo.

Aliyeanzisha habari ya kutengeneza picha ni Zacharie. Alikuwa anaishi Mulekera, kule Beni, na mashamba yake ya kakao, mzee tayari, mgongo umeinama. Alipanda mpaka Butembo kwa ajili ya jambo hilo tu. Alimweleza Bénite mbele ya dada yake, kwa sauti ndogo ili Mama asisikie, kwamba kila Novemba padri anapowataja marehemu wa familia zote, yeye hukaa kanisani akisubiri jina la baba yake, na jina halitajwi, kwa sababu hakuna aliyewahi kusema amekufa. Akasema Lusenge alikuwa mtoto wa shule ya misheni. Angetaka kuandika kurudi angeandika alikuja, kama kitabuni, na J ina mkia, haina mguu. Kwa hiyo ni F.

"Mi nazeeka nikiwa mutoto wa mutu asiyekufa," alisema. "Nitamulilia wakati gani? Kisha mi mwenyewe kufa?"

Berthe hakukubali. Alisema Lusenge aliandika jinsi tunavyosema, si jinsi kitabu kinavyosema. Lakini Zacharie alipotoka kwenda kutafuta gari la kushuka, Berthe alimshika Bénite mkono akamwambia la moyoni. Hakuwa na uhakika wa herufi yoyote. Alichokuwa na hofu nacho ni mama yake. Mwanamke aliyeishi miaka yote hiyo kwa kushikilia herufi moja, ukimwondolea herufi hiyo anabaki anashikilia nini? "Akiisikia, atakufa nayo," Berthe alisema. Akamwomba aandike Y, amalize, basi.

Bénite aliwajibu wote wawili kitu kilekile, na hapo ndipo mimi humpendea. Alisema kazi yake ina sehemu tatu. Kwanza kushika kile kinachoanguka. Pili kutoa kile ambacho si cha picha, yaani moshi na uchafu. Tatu kuongeza, na hiyo ni kidogo sana, pengine hapana kabisa.

"Mahali nitajua, nitaandika," alisema. "Mahali sitajua, nitaacha wazi. Sitamuandikia mutu baba."

Basi akaanza. Alichemsha kipande cha ngozi ya ng'ombe kwa muda mrefu mpaka nyumba yote ikanuka kwato, akapata gundi nyepesi kama maji ya mchele. Kwa brashi yenye manyoya machache aliipitisha chini ya kila gamba la rangi lililokuwa limejikunja, akalilaza kwa kidole kilichofunikwa karatasi laini, akasubiri likauke, akaenda kwa jingine. Kazi ya namna hiyo haina cha kuonyesha. Ukiingia asubuhi na ukiingia jioni unaona picha ileile. Majirani walipita wakachungulia, wakasema Mama Lettre amezeeka, zamani aliandika kamyo nzima kabla ya saa sita. Bénite aliwaachia maneno yao.

Koko Kahongya hakuuliza kitu. Alisikiliza tu. Mara mojamoja alikuwa akisema, "Leo unaenda polepole," au, "Hapo umekuta mahali mubaya," na kila mara ilikuwa kweli.

Gundi iliposhika, Bénite akaingia kwenye moshi, kipamba baada ya kipamba. Ilitoka mbingu yote ya buluu ya madirisha ya misheni. Likatoka paa la nyasi. Kikatoka kitambaa cha mwanamke, chekundu, na uso wake mdogo wenye mdomo wazi. Halafu ikatoka mikono, na Bénite akasimamisha kijiti.

Mikono ya mwanamke ilikuwa kichwani. Viganja viwili, vidole vimeshikana juu ya kitambaa. Hakuna mwanamke wa hapa anayempokea mume wake kutoka safari akiwa ameweka mikono kichwani.

Berthe alikuwa jikoni akisonga ugali wa muhogo. Bénite alifunga dirisha, akawasha torchi ya simu, akailaza karibu sana na kitambaa, mwanga ukapita juu ya picha kwa ubavu. Ukiangalia picha namna hiyo unaona kila kilichoipata, kama unavyoona mabonde ya Lubero jua likiwa chini. Akaipeleka torchi kwenye maneno. Alitaka kuona ule mguu umesimama wapi, maana baba yake alimfundisha kwamba Y inasimama katikati ya kiti chake na F inaegemea ukuta. Lakini mkono wa Lusenge ulikuwa wa mtoto, herufi zake zote zilikaa zilivyotaka.

Akaona kitu kingine. Kwingine kote rangi ilikuwa imeanguka yenyewe, unyevu umeisukuma kutoka chini, na kingo za majeraha yake ni za duara. Kwenye pengo hili kulikuwa na mikwaruzo, mingi, myembamba, yote ikienda upande mmoja. Na ndani ya nyuzi za kitambaa, punje za kijivu. Alizichukua kwa ncha ya sindano, akazisugua kati ya vidole. Ni jivu, lile tunalosugulia sufuria. Herufi hiyo haikuanguka. Iliondolewa na mtu, na mtu huyo akachoka au akakatizwa kabla ya kufika kwenye mguu.

Hapo Bénite akakosea, na niliseme pia, kwa sababu kumsifu mtu si kumfanya malaika. Alikumbuka jinsi Berthe alivyomshika mkono. Akaenda jikoni akamuuliza, bila kuzunguka, kama ni yeye aliyesugua ile picha. Berthe akaacha mwiko ndani ya ugali. Alisema alikuwa mtoto wa mgongoni, angesuguaje? Alisema tangu aanze kusimama lile pengo analiona, na kama Mama Lettre anamwona mwongo basi afunge vijiti vyake aende. Machozi yalikuwa yameshamfika. Bénite akaanza kuomba msamaha, na wakiwa hapo katikati ya aibu yao, sauti ikatoka sebuleni.

"Acheni. Ni mimi."

Waliingia wakamkuta Koko amejitoa blanketi, ameketi wima.

"Lusenge alitundika, akaenda masomo," alisema. "Nilifikiri zile herufi ni maua tu ya kupamba. Jokébed akaingia, ule bibi wa mwalimu wa Baprotestanti, jirani yetu. Yeye alisoma. Akaangalia, akaweka mikono ku kichwa, akaanza kulia. Nikamuuliza, unalilia nani? Akanisomea."

Mkono wake ukatafuta blanketi. Berthe akampa, hakulichukua.

"Nikamwambia asilie mu nyumba yangu. Nikamuuliza, kati ya hizi zote, ni gani inamuua? Akanionyesha na kidole. Ni moja tu. Njia, kamyo, batoto, hawana shida, ni hii moja. Nikachukua jivu na majani, nikasugua. Lusenge akarudi. Akaona. Akaniangalia hivi." Alielekeza macho yake ya ukungu mahali ambapo mtoto wa miaka kumi na minne angekuwa amesimama. "Hakusema kitu. Mutoto wangu ule alikuwa na heshima."

Berthe alipiga magoti mbele yake. Alimuuliza kama ina maana alijua, miaka yote hii, koroboi zote zile.

"Nilijua," Koko akasema. "Mwanamuke hajui kama bwana yake amekufa? Nilijua mbele Lusenge achore. Lakini dunia yote ilikuwa inasema. Nilitaka mahali pamoja tu pasiseme."

Kisha akamwita Bénite, akamwomba asogee. Alisema sasa anasikia moshi umetoka, harufu ya nyumba imebadilika. Alisema siku ile Zacharie alipokuja kuongea kwa sauti ndogo, alisikia kila neno. Mtoto mwenye mvi anaomba ruhusa ya kumlilia baba yake, na anaiomba kwa mpaka-rangi.

"Nilimupenda Salomon sana," alisema. "Mpaka nikawanyima batoto kilio ya baba yao. Rudisha ile ya Lusenge."

Bénite ni mtu asiyeongeza kitu. Lakini sasa hakuwa anaongeza. Alichagua brashi nyembamba, akachanganya nyeusi na kahawia kidogo, kwa sababu nyeusi ya Lusenge ilikuwa imezeeka na nyeusi mpya ingepiga kelele. Akamweleza Koko, kama alivyofundishwa kumweleza kila mwenye picha, kwamba ataandika kwa rangi ya maji, juu ya gundi, bila kugusa kile cha zamani. Mtu akibadilisha mawazo, kesho au baada ya miaka hamsini, atapitisha kitambaa chenye maji na itatoka bila kuumiza picha.

"Ukitaka kuitosha, Koko, itatoka," akasema, maana kutosha kwetu ni kuondoa.

Koko akacheka. Ndiyo, alicheka, kwa pua, kidogo.

"Nilishaitosha mara moja," alisema. "Inatosha."

Bénite akaegemeza mkono wake juu ya fimbo aliyoilaza mbele ya picha ili asiguse rangi, ule mkono ulioandika majina ya nusu ya mji, akaufuata ule mguu mfupi kutoka chini kwenda juu. Haukutafuta njia. Jivu lilikuwa limekula rangi, lakini nyuzi za kitambaa zilikumbuka kidogo mahali brashi ya mtoto ilipopita, na Bénite alipita hapohapo, na penye kuyumba aliyumba. Akavuta mkono wa juu. Akavuta mkono wa kati, mfupi. Hakuirembesha. Mtu anayeandika milango ya matajiri alikuwa na uwezo wa kuweka pale F ambayo ingezuia watu barabarani, naye aliandika F ya mtoto wa miaka kumi na minne mwenye huzuni.

Alipoondoa brashi, Koko alijua.

"Berthe, soma."

Berthe aliangalia picha muda mrefu.

"Baba alikufa," alisoma.

Koko Kahongya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa kitu alichoagiza. Halafu mikono yake ikapanda, ikapita mabega, ikafika kichwani, na akapiga yowe. Hakuna aliyefikiri kifua kile kilikuwa bado na sauti ya namna hiyo. Aliita jina la mume wake. Aliita na majina ya utani, ambayo Berthe hakuwahi kuyasikia, na Berthe akaanguka mapajani mwake akalia naye.

Kwetu yowe haliachwi peke yake. Wa kwanza kufika alikuwa Joyeuse wa nyumba ya jirani, mikono ina povu la sabuni. Nyuma yake wakaja wengine, mwenye mtoto mgongoni, mwenye fundo la kanga mdomoni, na fundi baiskeli wa kona ile na kofia yake mkononi. Waliona Koko mzima, wakamwona Berthe mzima, wakaangaliana. Walitafuta maiti kwa macho.

"Nani amekufa?" Joyeuse akauliza.

Berthe aliinua uso wake uliolowa.

"Ni baba," alisema. "Baba Salomon."

Mtaa ule una watu wengi waliopanda wakikimbia mauaji ya upande wa Beni katika miaka hii. Wamelia watu ambao miili yao haikuonekana, wamelia kwa kanzu tupu, wamelia kwa simu iliyokatika. Joyeuse alifuta povu kwenye sketi yake, akafungua kitenge cha kiunoni, akakifunga upya kwa kukaza, akaketi chini miguu imenyooka, akaanza kulia. Wengine wakaketi. Fundi baiskeli alitoka akarudi na benchi, akaenda kutafuta jingine, na uani mtu akaanza kupasua kuni za moto wa kilio. Bénite aliweka brashi ndani ya maji, akatafuta nafasi kati ya wanawake, akakaa.

Hakuna aliyeuliza ni lini.